Bata Hazami

Siku mlima ulipoletwa kwenye chumba cha kukunjia, Marcelline alicheka kuliko wenzake wote. Hilo ndilo lililokuja kumkera baadaye kila alipolikumbuka, kwamba hakuna kilichomshtua. Aliona katuni, basi, akacheka.

Mlima wenyewe ulikuwa ndani ya runinga pana iliyopigiliwa juu ya mlango, mahali palipokuwa na saa ya ukutani. Saa ilishushwa, ikalazwa juu ya kabati la sabuni, ikaendelea kuhesabu dakika peke yake mpaka betri ikaisha. Hakuna aliyeiulizia. Chini ya mlima palichorwa mto wa buluu, kileleni palichorwa taji. Kila mkunjaji alitakiwa achague mnyama wake, na mnyama huyo angepanda kadiri mwenyewe anavyokunja mashuka.

Kiwanda hicho cha kufulia kiko bondeni, ukishuka kutoka Troyeville, Johannesburg, kuelekea relini, ndani ya ghala la matofali mekundu ambalo zamani lilikuwa la viatu. Mashuka ya mahoteli huingia alfajiri yakiwa machafu na jioni hutoka meupe. Wanaume hushughulika na mashine za kufua na ile pasi kubwa ya magurudumu, inayomeza shuka bichi na kulitema kavu. Wanawake wanane hukunja. Marcelline alikuwa mmoja wao kwa miaka tisa. Ni mwanamke wa Uvira, mwembamba, mwenye maneno mengi na machozi ya karibu, na kazi hiyo alitafutiwa na Médiatrice.

Kwa Médiatrice itabidi tusimame kidogo, maana bila yeye hadithi hii haina miguu. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mwenye miaka hamsini na minne. Marcelline aliposhuka basi kituoni Park Station hana simu, hana jamaa, ana mfuko mmoja tu mkononi, mtu wa kwanza kumsemesha kwa lugha anayoielewa alikuwa Médiatrice, ambaye siku hiyo alikwenda kumpokea mtu mwingine kabisa. Huyo mwingine hakutokea. Médiatrice akamtazama yule mgeni anayetetemeka kwa baridi ya Juni, akasema, "Basi nitakuchukua wewe." Na akamchukua. Walilalia godoro moja kwa miezi saba, na mpaka leo vyumba vyao vinatazamana kwenye ukumbi mmoja. Marcelline alianza kumwita yaya, kama watu wa kwao wanavyomwita dada mkubwa, na hakuacha.

Sasa, Médiatrice alikuwa na mkono mbovu. Kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuvimba mwaka uliotangulia na hakikurudi. Alikifunga kitambaa, akakificha ndani ya sweta, akaendelea na kazi, kwa sababu binti yake Inès alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na kwa sababu hakuna mtu Johannesburg anayemwajiri mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye mkono mmoja na nusu. Mkunjo wake ulikuwa mzuri kupita wa wote, pembe juu ya pembe, utadhani shuka limetoka dukani. Lakini jicho la mashine lililofungwa juu ya kila meza halikujua uzuri. Lilijua kuhesabu tu.

"Hii si kazi tena," alisema Steve. "Ni mchezo."

Steve alitoka ofisi kuu. Alikuwa mwanamume wa kama miaka thelathini, raba nyeupe pee, kompyuta kwapani, Kiingereza kinachopitia puani. Hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi, kwa maana jina la Steve ni la popote. Wanawake walimchukulia kama wanavyoichukulia friji. Walizungumza Kiswahili chao mbele yake bila kupunguza sauti, Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura, cha Tanga, kila mmoja na ladha yake, wakamsema raba zake, wakamsema masikio yake, naye akitabasamu tu.

Sheria za mchezo zilikuwa chache. Kila Ijumaa jioni, aliyekunja mashuka mengi zaidi wiki hiyo anavaa taji, na zawadi yake ni kuchagua meza ya wiki inayofuata. Usione ni jambo dogo. Meza ya mlangoni ina hewa. Meza ya mwisho iko karibu na ile pasi kubwa, na mvuke wake umekwisha kuwaangusha watu wawili. Asiyefikisha mashuka elfu mbili na mia tano kwa wiki anakuwa mtoni, analowa. Akilowa Ijumaa tatu, anapumzishwa. Steve alilitamka neno hilo kwa Kiingereza chake vizuri kabisa, anapumzishwa, kama vile watu wote watapelekewa chai. Anayevaa taji, kulowa kwake kote kunafutwa.

Halafu palikuwa na kile kioo cha kubonyeza kwenye mlango wa kutokea. Ukitaka kwenda nyumbani kinakuuliza mchezo wa leo ulikuwaje, nacho kina nyuso tatu: inayocheka, iliyonuna, inayolia. Mlango haufunguki mpaka ubonyeze. Siku ya kwanza Zubeda, mwanamke wa Tanga mwenye utani usioisha, alibonyeza inayolia ili awachekeshe wenzake. Kesho yake aliitwa ofisini nusu saa nzima, wakamuuliza ana shida gani nyumbani na wamsaidieje. Tangu hapo wote wanane walibonyeza inayocheka. Mwisho wa mwezi Steve aliwaonyesha kwenye runinga kwamba wafanyakazi wameupokea mchezo kwa furaha, asilimia mia moja.

Katika kuchagua wanyama Zubeda alichukua swala. Médiatrice alichukua kobe, akasema angalau kobe hachekwi kwa kuchelewa. Marcelline alipekua picha zote, akagota kwenye moja.

"Miye nachukua bata," alisema. "Sababu hata akianguka mu mto, bata hazami."

Wakacheka. Steve naye akacheka, na wao wakadhani anacheka kwa sababu wao wanacheka.

Ijumaa ya kwanza kobe alilowa. Ijumaa ya pili kobe alilowa tena. Jumatatu iliyofuata Médiatrice hakula chakula cha mchana. Alikaa kantini na mkono wake umelala mezani kama wa mtu mwingine, akiutazama. Marcelline alipoona hivyo aliisogeza sahani yake kando. Alijua Ijumaa moja tu imebaki, na baada ya hapo yule aliyemchukua Park Station atakuwa amekaa nyumbani na mkono wake, akimsikiliza Inès akisoma kwa ajili ya mtihani ambao huenda asiufikie.

Na hapo, pale kantini, mbele ya wenzake saba, na Steve akiwa meza ya pembeni na vipokea sauti vyake masikioni, Marcelline akatoa wazo lake. Lilikuwa wazo zuri. Tusimnyime haki yake.

"Kwetu tuko na likelemba," alisema. "Kila mutu anatoa, mmoja anapokea. Wiki ingine anapokea mwengine. Sasa sisi tusitoe pesa. Tutoe mashuka."

"Upatu huo," alisema Zubeda. "Upatu wa mashuka! Wewe mwanamke, kichwa hicho ulikificha wapi miaka yote?"

"Tukipita na toroli, kila mmoja anaacha yake kumi pa meza ya yaya, yanapita chini ya jicho lake. Hakuna mwenye ataona. Wiki hii tunampandisha yeye. Anavaa taji, kulowa kunafutika. Kisha Zubeda. Kisha mwengine, mpaka wote wanane."

Médiatrice alitikisa kichwa. "Sitaki watu waumie kwa ajili yangu."

"Nani anaumia, yaya? Ni mashuka kumi kumi."

"Na wewe? Wewe ni wa ngapi?"

"Wa mwisho," alijibu Marcelline. Ndivyo ilivyo desturi kwao. Mama wa likelemba, yaani aliyeianzisha, hupokea baada ya wote, ili asije mtu akasema aliianzisha kwa tamaa yake.

Wakakubaliana. Steve akafunga kompyuta yake, akawatakia mchana mwema, akaondoka.

Nikuambie ukweli, wiki ile ilikuwa tamu. Mikono ilikuwa na sababu. Hakuna aliyetaka kuanguka mtoni kwa kutoa, kwa hiyo kila mmoja alikunja yake kwanza, akajihimiza, kisha akakunja na ya Médiatrice. Walikatisha chai. Walikwenda chooni mbio. Zubeda aliimba, na wengine wakaitikia, na hata Firmin, bwana mmoja wa Goma anayesimamia ile pasi kubwa, akasema hajawahi kuona chumba hiki kikichangamka hivyo. Ijumaa kobe alipanda mlima mbele ya macho yao, akampita swala, akampita bata, akafika kileleni na mashuka elfu nne na mia nne. Taji likamkalia kichwani, likamfunika macho. Médiatrice aliweka kiganja kwenye mdomo, akalia. Marcelline alilia zaidi, lakini huyo, kama nilivyosema, machozi yake yako karibu.

Wiki ya pili akapanda swala, na Médiatrice bado akaachiwa machache ya kumvusha mto. Ya tatu akapanda mwingine. Steve alikuja na keki, akawapiga picha wote wanane wakiwa wamezunguka runinga, na picha hiyo ikatundikwa ofisi kuu ili matawi mengine yaone jinsi watu wanavyoweza kuupenda mchezo.

Aliyeona kwanza ni Médiatrice. Mtu aliyekwisha kulowa huuangalia mto.

"Mto umepanda," alimwambia Marcelline wakiwa wanapandisha kilima kurudi nyumbani, wiki ya tatu. Walikuwa wamesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nyekundu imewaka, magari yakipita. "Ulikuwa elfu mbili na mia tano. Sasa ni elfu mbili na mia saba na hamsini."

"Unaona vibaya, yaya."

"Ninaona vizuri, mdogo wangu. Mkono ndio unaouma, si macho."

Jumatatu iliyofuata Marcelline aliangalia. Mto ulikuwa elfu mbili na mia tisa. Hakuna tangazo lililotolewa. Ile buluu ilikuwa imesogea tu, ikameza nyasi, ikameza lile jiwe ambalo bata wake alikuwa akipumzikia. Wiki iliyofuata ikafika elfu tatu na hamsini. Wiki ya sita, elfu tatu na mia mbili. Nyimbo zilikuwa zimekwisha zamani. Wanawake walikunja vichwa chini, na waliopita na toroli waliacha mashuka matano badala ya kumi, kisha matatu, kisha wakapita tu wakitazama sakafu. Wiki ya saba, mwenye zamu alikuwa Murielle, msichana wa Bukavu, na hakuna aliyebaki na shuka la kumpa. Hakuvaa taji. Tangu hapo aliacha kukaa nao kantini.

Basi likelemba ikafa, imebakisha watu wawili. Marcelline hakujali zamu yake. Alichojali ni kwamba ule mto ulikuwa umempita Médiatrice kwa mbali, na kwamba ni yeye, kwa mdomo wake, aliyeuita.

Usingizi ukampotea. Alipiga hesabu, akaona njia moja tu: aseme kweli. Amwambie Steve kwamba yale mataji yalikuwa ya uongo, kwamba hakuna mwanadamu anayekunja elfu nne na mia nne, kwamba mashine imedanganywa na sasa inawapima watu kwa uongo wao wenyewe. Watamfukuza. Afadhali afukuzwe yeye, mto urudi chini, yaya abaki. Siku ya Jumanne alivua aproni, akapanda ngazi kwenda kwenye chumba ambacho Steve alikitumia akija, akabisha hodi, akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

Steve alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alijibu kwa Kiswahili.

"Mama, miye minasikiaka Kiswahili. Mama yangu ni wa Lubumbashi. Toka mutoto nilikomalia hapa Kensington, njo maana sikisemi muzuri." Aligusa kipokea sauti shingoni. "Nilisikia siku ile ile, mu kantini."

Marcelline alihisi masikio yakimwaka moto. Alikumbuka raba. Alikumbuka yote waliyomsema.

"Basi unajua," alisema. "Unajua tuliiba."

Steve akarudi kwenye Kiingereza, pale alipostarehe. Hapana, alisema, hawakuiba kitu. Akageuza kompyuta ili aone. Chumba kizima, kabla ya upatu wao, kilikuwa kikikunja mashuka elfu ishirini na mbili kwa wiki. Wiki ya taji la Médiatrice kilikunja elfu ishirini na nne. Wiki ya sita kilikunja elfu ishirini na sita. Mashuka hayo yote yalikunjwa kweli, yakapakiwa, yakapelekwa mahotelini, watu wakayalalia. Kompyuta haikujali yamepita chini ya jicho la nani. Walikuwa wanawake wale wale wanane, mikono ile ile.

"Tulijaribu kuwatisha kwenye tawi la Pretoria," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza mapishi. "Hofu haijawahi kutupa namba hizi. Nyinyi mlikunja kwa ajili ya mwenzenu."

"Lakini yaya hawezi. Mkono wake…"

"Ndiyo maana tumeiweka likelemba yenu ndani ya mchezo, Mama. Kuanzia Jumatatu mtaruhusiwa kupeana. Hakuna tena kujificha." Alionekana anafurahi kweli, na nadhani alikuwa anafurahi kweli. Alimwinukia, akamfungulia mlango kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Jumatatu ikaja na kitufe, na kulowa kwa wote kwa wiki zilizopita kukafutwa ili mchezo uanze upya. Ijumaa ukifika mlangoni, kabla ya zile nyuso tatu, kioo kilikuonyesha jina la aliye mtoni na kukuuliza kama utampa zawadi. NDIYO au HAPANA. Zawadi ilikwenda kwa mashuka mia, si chini ya hapo, na yalikatwa kwenye yako; ukitaka, uliweza kutoa zawadi zaidi ya moja, au kuchagua jina jingine lolote. Anayetoa, mnyama wake aliwekewa moyo mwekundu runingani. Hakuna aliyeandikiwa kwamba amenyima. Haikuhitajika. Asiye na moyo alionekana.

Ijumaa hiyo Médiatrice alipungukiwa na karibu mia mbili. Marcelline alitoa mia moja, akaanguka mtoni yeye mwenyewe, akangoja mwingine mmoja atoe. Hakuna aliyetoa. Wakalowa wote wawili, kobe na bata. Ijumaa iliyofuata ikawa vile vile. Zubeda alipita mlangoni ameinamisha kichwa, na nje, kwenye baridi, alimshika Marcelline bega.

"Nisamehe, shoga. Na mimi nimelowa mara moja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi ukingo nishauona." Hakutania tena kuanzia siku hiyo. Wala Marcelline hakumlaumu kwa mdomo. Moyoni alimlaumu sana, na hilo nalo lilikuwa jambo jipya katika chumba kile.

Ikabaki wiki ya mwisho, na wote wawili wamelowa mara mbili.

Médiatrice alifanya kazi wiki ile kwa namna ambayo Marcelline hakuweza kuitazama. Meza yake ilikuwa ile ya mwisho, kwenye mvuke. Alikunja kwa mkono wa kushoto na kiwiko cha kulia, akabana ncha ya shuka kwa meno pale mkono ulipokataa. Ule mkunjo wake mzuri ulikwisha. Mashuka yalitoka yamepinda, na jicho likayahesabu kama kawaida. Usiku Inès alimkanda kwa maji ya moto. Asubuhi alikuwa wa kwanza getini.

Ijumaa saa kumi jioni king'ora kililia. Marcelline aliinua macho kwenye runinga. Mto ulikuwa elfu tatu na mia mbili. Bata alikuwa na elfu tatu, mia mbili na sitini. Kobe alikuwa na elfu tatu, mia moja na kumi. Amepungukiwa na tisini tu. Zawadi moja ingemtoa.

Zawadi moja. Na atakayeitoa, kama ni Marcelline, atabaki na elfu tatu, mia moja na sitini, atalowa mara ya tatu, atapumzishwa. Alirudia hesabu hiyo mara nne akitafuta kosa. Hapakuwa na kosa.

Walipanga foleni mlangoni. Murielle alipita. Wengine wakapita. Zubeda alisimama mbele ya kioo kitambo kirefu kidogo kuliko wenzake, kisha mlango ukafunguka, na runingani swala hakuwa na moyo. Wakabaki wawili. Médiatrice alikuwa nyuma yake, karibu kiasi kwamba Marcelline alisikia anavyopumua.

MÉDIATRICE YUKO MTONI. UTAMPA?

Aliwaza godoro lile. Aliwaza "basi nitakuchukua wewe." Aliwaza pia chumba chake, na watoto wake wawili, na karatasi zake za ukimbizi zinazokwisha Oktoba, na jinsi alivyo na miaka arobaini na moja na mikono yote miwili mizima, na kwamba mwenye mikono miwili ana safari ndefu zaidi ya kutembea. Aliwaza mambo mengi ya kweli, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa upande mmoja. Hakugeuka nyuma. Lau angegeuka, labda.

Akabonyeza HAPANA.

Kioo kikamshukuru. Kikamuuliza mchezo wa leo ulikuwaje, na kidole kikaenda chenyewe kwenye uso unaocheka, kwa mazoea. Mlango ukafunguka.

Nje jua lilikuwa linashuka nyuma ya minara ya mjini na ubaridi umeanza kuuma. Marcelline alisimama kando ya uzio, kwa sababu miaka tisa hakuwahi kupanda kilima kile peke yake, na hakujua atasimama vipi asipomngoja. Alipanga maneno. Kila alilopanga lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa picha: bata wake amekaa kileleni, juu kabisa, taji kichwani, nyota zikimmwagikia. HONGERA MARCELLINE. MASHUKA 6,360. KULOWA KWAKO KUMEFUTWA. CHAGUA MEZA YAKO.

Alidhani mashine imeharibika. Kisha akasoma mstari mdogo wa chini. Zawadi thelathini na moja. Kutoka kwa Médiatrice.

Mlango ulifunguka na Médiatrice akatoka, aproni imekunjwa kwapani, pembe juu ya pembe. Alikuwa ametoa wiki yake nzima, akabakiza mashuka kumi ambayo hayakufika zawadi. Uso wake haukuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama ungekuwa nayo.

"Yaya," alisema Marcelline. "Miye nime…"

"Najua. Nilikuwa nyuma yako." Alihamisha mfuko kwenye mkono wa kushoto. "Mimi nimekwisha kwenda. Mashuka yale ningeyaacha mle ndani kwa faida gani? Na zamu ilikuwa yako. Ulituweka wote mbele, ukajiweka wa mwisho, halafu hakuna aliyekupa."

Marcelline alitaka kumkumbatia, lakini mikono haikumtii. Akauchukua mfuko wa Médiatrice, basi, na wakaanza kupanda. Walifika kwenye robot. Pale, wakingoja taa, simu ikatetemeka tena, naye akaitazama kwa sababu sasa alikuwa mtu wa kuitazama.

Chumba kilikuwa kimevunja rekodi. Kuanzia Jumatatu mto utakuwa elfu tatu na mia sita, na wakunjaji watakuwa saba.

"Wanasema nini?" aliuliza Médiatrice.

"Wanauliza meza."

Taa ikawa ya kijani. Médiatrice alitangulia kuvuka, ameukumbatia mkono wake mbovu kifuani.

"Chukua ya mlangoni," alisema bila kugeuka. "Kuna hewa."